Macho ya Kinyonga na Vitamini A: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mwanza

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Kinyonga amefumba macho tangu jana, nimpe vitamini gani?" Nami huuliza kwanza: mara ya mwisho ulimwona akinywa maji lini? Hapo simu hunyamaza. Majibu haya nimeyaandika kwa wanaofuga huku kwetu, Igoma, Nyegezi, Ilemela na ng'ambo kule Sengerema. Wengi wana yule kinyonga wa kijani mwenye vipande vya ngozi vinavyoning'inia nyuma ya shingo, Chamaeleo dilepis. Wachache wana wa Yemeni. Kwa habari ya macho, mambo ni yale yale.

Kinyonga wangu anafumba macho mchana. Si amelala tu?

Hapana. Kinyonga mzima hulala usiku. Giza likiingia rangi yake hupauka, mkia anaukunja kama konokono, macho anayafumba hadi asubuhi. Akifumba saa sita mchana, ukimgusa akafumbua, ukimwacha akafumba tena, huyo anaumwa. Sijasema anaumwa macho. Kiu, minyoo, mapafu, figo, mayai yaliyokwama tumboni, kibanda chenye joto kupita kiasi, yote hayo huonekana kwanza machoni. Kukimbilia chupa ya vitamini ni kama kumpa dawa ya malaria kila mwenye homa bila kumpima.

Mbona jioni jicho linavimba na kutokeza kama linataka kudondoka?

Anajisafisha. Kope za kinyonga zimeungana na kuacha tundu dogo tu katikati, hivyo mchanga ukiingia hautoki kirahisi. Hulivimbisha jicho, hulizungusha, pengine hulisugua kwenye kijiti, kisha dakika chache baadaye linarudi lilivyokuwa. Ukiliona tendo hilo mara moja moja, mwache. Akilirudia kila siku, au jicho likaamka limevimba, kuna kitu ndani.

Macho yamedidimia ndani. Ni upungufu wa vitamini?

Karibu kila mara ni upungufu wa maji. Angalia choo chake: kile kipande kigumu cha mkojo kinatakiwa kiwe cheupe. Kikiwa cha njano iliyoiva au rangi ya chungwa, ana kiu.

Kosa la kawaida ni bakuli. Kinyonga hatambui maji yaliyotulia kama kinywaji. Anaweza kufa kwa kiu bakuli likiwa limejaa miguuni pake. Anakunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, jinsi umande unavyokaa alfajiri. Chukua chupa ya maji ya plastiki, itoboe kitako kwa sindano ya kushonea, ining'inize juu ya mmea, tone lidondoke kila sekunde moja au mbili kwa nusu saa. Nyunyizia majani asubuhi na jioni. Kiangazi cha Juni hadi Septemba, upepo unapokausha kila kitu na barabara za vumbi zikipita magari, ongeza mara ya tatu.

Wapo waliokuja kwangu na kinyonga "kipofu", wakarudi naye akiwa anatazama baada ya kunyunyiziwa maji ya vuguvugu kwa dakika ishirini tu. Hakuna dawa iliyotumika.

Ni jicho moja tu lililofumba. Je?

Jicho moja linaelekeza kwenye ajali: mchanga, mguu wa panzi wenye miiba, mkwaruzo, kipande cha ngozi kilichobaki alipojivua, au usaha. Magonjwa ya lishe hupenda kugusa macho yote mawili. Si kanuni ya chuma, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hapa Usukumani nauliza pia kuhusu mnyaa. Uzio wa minyaa uko kila kona, na watu humweka kinyonga juu yake kwa sababu ni wa kijani na una vijiti vingi. Utomvu mweupe wa mnyaa unaunguza macho ya binadamu vibaya sana, sembuse ya mnyama mwenye jicho la ukubwa wa punje ya mahindi. Usitumie vijiti vyake hata vikiwa vimekauka. Mpera, mwembe, mlimao au mpasheni unaotambaa vinatosha.

Moshi nao. Kibanda kilichowekwa kwenye korido anapopikia mama kwa mkaa, au chumba kinachochomwa dawa ya mbu kila usiku, kitampa macho mekundu na mafua. Mhamishe kabla ya kununua chochote.

Sasa upungufu wa vitamini A wenyewe unaonekanaje?

Vitamini A ndiyo inayofanya utando laini wa mwili ubaki laini na wenye unyevu: ndani ya kope, mdomoni, puani, kwenye njia ya hewa. Ikipungua, utando huo unageuka mgumu na mkavu kama ngozi ya kisigino. Tezi za machozi zinaziba. Kope zinavimba, na chini yake kunajikusanya uchafu mweupe mzito mfano wa jibini. Ndipo mtu anasema jicho limeoza.

Dalili nyingine huja kabla, na wengi hawazioni. Ulimi unapoteza mnato: anatupa ulimi, anampiga mende barabara, mende anateleza na kukimbia. Mwenye kinyonga hudhani shabaha imeharibika. Ngozi inajivua vipande vipande na kubaki kwenye vidole. Fizi zinavimba. Mafua hayaishi. Ukiyaona mawili matatu ya haya pamoja na macho yote mawili kuvimba, hapo vitamini A inaingia kwenye mazungumzo.

Jambo la kukumbuka: vitamini hii huhifadhiwa kwenye ini. Akiba haiishi kwa siku tatu. Upungufu hujengeka kwa miezi, na humpata hasa kinyonga aliyekuzwa ndani kwa chakula cha aina moja, kwa mfano mende wale wale waliolishwa pumba tupu. Watoto huzaliwa na akiba kutoka kwenye kiini cha yai, wakaonekana wazuri kabisa mwanzoni, ndiyo maana tatizo hujitokeza baadaye, wakati mwenyewe ameshajiona fundi.

Mwanangu alimwokota kinyonga Jumamosi kule Kisesa, Jumanne amefumba macho. Vitamini?

Kwa maelezo hayo hayo, hapana. Kinyonga wa porini alikuwa anakula wadudu wa kila namna walioshiba majani ya kila namna. Ini lake haliwezi kuwa tupu kwa siku tatu za boksini. Huyo ana kiu, ana hofu, na huenda aliumizwa aliposhikwa. Mrudishe pale pale alipookotwa, kwenye kichaka, asubuhi, akiwa amenyunyiziwa maji. Sheria nayo inakutaka hivyo, nitaieleza mbele.

Kliniki wanatoa matone ya vitamini A kwa watoto. Nikipata kidonge kimoja nimpe kinyonga tone?

Usithubutu. Hili ndilo swali linalonikosesha usingizi, kwa sababu vile vidonge laini kila mzazi anavifahamu; watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi sita. Cha bluu kina IU 100,000 (IU ni kizio cha kupimia vitamini), chekundu kina IU 200,000. Tufanye hesabu pamoja. Mtoto wa kilo 12 ni sawa na gramu 12,000. Kinyonga wako akiwa na gramu 50, mtoto ni mzito kwake mara 240. Kidonge kizima ni matone machache tu, kwa hiyo "tone moja" ni maelfu kwa maelfu ya IU kuingia kwenye kiumbe kinachokaa kiganjani.

Mwili hauwezi kuikojoa vitamini A iliyozidi, kwa kuwa inayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Inarundikana. Ngozi inaanza kuchubuka, mwili unavimba, ini linaumia. Tena vitamini A nyingi huipiga vita vitamini D3, ile inayousaidia mwili kutumia kalsiamu, kwa hiyo kinyonga anayepata kalsiamu ya kutosha anaweza kulegea mifupa kama asiyepata kabisa. Umetibu kope, umevunja miguu.

Mafuta ya ini la samaki yanayouzwa maduka ya dawa yana shida hiyo hiyo: yana A na D kwa wingi, na chupa imepimwa kwa ajili ya mtu.

Na ile vitamini ya unga ya kuku?

Niliitumia mwenyewe zamani. Nilinunua pakiti duka la dawa za mifugo, muuzaji akaniambia "mnyama ni mnyama", nikawapaka panzi kila siku kwa wiki tatu. Shingo ya kinyonga wangu ikavimba kama amemeza kipira. Unga ule umetengenezwa uyeyushwe kwenye ndoo ya maji ya kuku mia, kwa siku chache, basi. Kuupaka mkavu kwenye panzi kila siku ni dozi isiyojulikana. Nilipoacha, uvimbe uliondoka taratibu. Alikuwa na bahati kuliko mimi nilivyokuwa na akili.

Wanasema sindano inafanya kazi haraka.

Haraka ndiyo hatari yenyewe. Vitamini A ya sindano imewahi kuwachuna ngozi kobe na reptilia wengine kwa kuzidi kipimo. Njia salama zaidi ni ya mdomo, kidogo, kwa nafasi, baada ya kumpima uzito. Kipimo apange daktari wa mifugo kwa gramu za mnyama, si kwa macho. Mizani? Mwanza hatuna kisingizio: zile mizani ndogo wanazopimia dhahabu zinasoma hadi sehemu ya gramu. Mpime kila wiki, andika kwenye daftari. Uzito unaoshuka utakuambia habari mbaya kabla ya jicho kufumba.

Nikiwalisha wadudu karoti na viazi lishe, je, haitoshi?

Inasaidia sana, ila si jibu kamili. Karoti, boga, papai, embe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina beta-karotini, ambayo mwili wa binadamu huigeuza kuwa vitamini A. Kwa kinyonga, uwezo wa kuigeuza ni mdogo au wa mashaka, kwa hiyo huwezi kuitegemea peke yake. Lakini mdudu aliyeshiba vizuri ana maji, madini na vitamini nyingine nyingi. Mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Mimi huwalisha mende na nyenje matembele, mchicha kidogo, boga na ganda la papai kwa siku nzima kabla ya kuwatoa. Mchicha nasema kidogo kwa sababu una oksaleti, inayoshika kalsiamu na kuizuia isitumike.

Basi unga nipake upi, mara ngapi?

Kwanza kalsiamu. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, wakati mwili unataka kalsiamu iwe mara mbili ya fosforasi. Kwa hiyo kalsiamu tupu, isiyo na fosforasi wala D3, ipakwe kidogo karibu kila mlo. Mdudu aonekane amepitiwa na vumbi, asionekane kama andazi lililopakwa sukari. Mchanganyiko wa vitamini nyingi mara moja au mbili kwa mwezi. Kwenye lebo hakikisha vitamini A ni retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari, iwe asetati au palmitati. Chupa nyingine huandika vitamini A kumbe ni beta-karotini peke yake. D3 ya unga ni kwa wale wasiopata jua. Wakipata, ipunguze sana. Watoto wanaokua na majike yenye mayai wanahitaji kalsiamu zaidi, lakini si vitamini A zaidi.

Chupa ikishafunguliwa usiiweke juu ya kabati chini ya bati. Joto na mwanga huua vitamini. Baada ya miezi sita hivi ninanunua nyingine, hata kama unga umebaki.

Unga wa dagaa unafaa? Maganda ya mayai?

Maganda ya mayai ndiyo. Yachemshe, yakaushe, yasage hadi yawe laini kama poda, yachuje kwa kitambaa. Ni kalsiamu kaboneti na bei yake ni sifuri. Chembe zikiwa kubwa zitaingia machoni, na tutarudi mwanzo wa ukurasa huu.

Dagaa wetu ni chakula kizuri cha watu na kuku. Kwa kinyonga naukwepa unga wake: una fosforasi yake pamoja na protini nyingi, na figo za kinyonga hazipendi protini ya kupindukia. Dagaa wa kuanikwa mchangani ana mchanga, jambo lisilohitaji maelezo.

Ukitaka mdudu mwenye kalsiamu ya asili, tafuta funza wa nzi chuma, wanaofugwa kwa ajili ya kuku. Hao ni tofauti na wadudu wengine kwa jambo hilo.

Jua la Mwanza halitoshi? Kwa nini watu wananunua taa?

Jua linatosha na kubaki. Tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nusu saa hadi saa moja ya asubuhi, akiwa kwenye kibanda cha wavu chenye majani ya kujificha, inamtengenezea D3 yake. Kivuli kiwepo daima. Tangi la kioo usiliweke juani kamwe: kioo kinazuia mionzi ya urujuanimno anayoihitaji na kukusanya joto litakalomuua. Utakuwa umempika.

Taa ni kwa anayemfuga ndani muda wote, na taa nayo huumiza macho. Iliyo karibu mno huunguza jicho kama moto wa mchomelea vyuma asiyevaa miwani. Kipimo chepesi: mtoe nje kivulini. Akifumbua macho baada ya saa chache au siku moja, laumu taa, si lishe.

Msimu wa senene nimlishe?

Mlishe, kwa furaha. Ila waondoe miguu ya nyuma yenye miiba, na usinunue waliopuliziwa dawa au waliokwisha kutiwa chumvi. Kuhusu wadudu unaowakuta chini ya taa ya barazani, tazama vizuri. Kuna kile kijidudu chembamba chenye mistari ya chungwa na nyeusi, ambacho ukikipondea shingoni unaamka na lengelenge. Sumu yake ni ile ile ikigusa jicho la kinyonga. Vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi juu ya maji havina sumu, ila ni vidogo. Watoto wa kinyonga watavifurahia, mkubwa atavidharau.

Nitasafishaje jicho nyumbani?

Anza na mvua ya bandia: maji ya vuguvugu, matone laini, yasimpige usoni moja kwa moja, dakika ishirini hadi thelathini, akiwa kwenye mmea wake. Mara nyingi atavimbisha jicho na kulitoa taka mwenyewe. Isipotosha, tumia maji ya dripu ya chumvi, yale ya asilimia 0.9, ya vuguvugu, matone mawili matatu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usichokoe kwa pamba wala kijiti, usijaribu kufungua kope kwa kucha. Usaha mgumu hutolewa na daktari.

Maziwa ya mama, asali, maji ya tangawizi: yote nimeshaulizwa. Hapana.

Dawa ya macho ya binadamu je?

Baadhi ya viuavijasumu vya macho ya watu, daktari wa mifugo huvitumia pia. Tatizo ni kwamba matone mengi yamechanganywa na steroidi, kwa mfano deksamethasoni. Kioo cha jicho kikiwa na kidonda, steroidi itakifanya kitoboke. Daktari huweka kwanza rangi ya kupimia, kidonda king'ae kijani, ndipo achague. Wewe huna rangi hiyo, kwa hiyo usichague.

Haoni, atakulaje?

Kinyonga hukadiria umbali kwa jinsi jicho linavyojirekebisha kuona, kama lenzi ya kamera. Jicho moja likifumba anaweza kuwinda, ila atakosakosa. Yakifumba yote, usimpe mende wanaotembea huru kibandani. Usiku watamng'ata yeye. Mguse mdomo kwa mdudu laini aliyebanwa kwa kibano. Akifungua, weka. Akikataa siku ya kwanza, maji kwanza, chakula kesho. Kumlazimisha kufungua taya kunavunja taya.

Nimpeleke wapi?

Anza na daktari wa mifugo wa halmashauri yako, na mwambie mapema kwamba ni kinyonga, ajiandae. Wengi wamezoea ng'ombe na mbwa, wala si aibu. Mpe namba ya uzito, picha za choo, majina ya unga unaotumia na picha ya kibanda. Sampuli za choo kwa ajili ya minyoo zinaweza kupimwa maabara ya veterinari, na Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo hapa Mwanza. Kesi ngumu zina Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Usisafiri naye kwenye mfuko wa rambo: boksi lenye matundu, kijiti ndani, kitambaa chenye unyevu.

Lakini naruhusiwa kumfuga?

Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumchukua porini na kumfanya wake bila kibali. Ulizia ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kabla, si baada. Vinyonga karibu wote wako pia kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka ni kesi nyingine kabisa, na Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016.

Bibi anasema mate yake yanapofusha watu.

Shikamoo bibi, lakini hayapofushi. Kinyonga hana sumu. Anaweza kubeba vijidudu vya salmonela kama reptilia wengine, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, na mtoto mdogo asimbusu.

Baada ya siku ngapi atapona?

Kiu na vumbi: siku moja hadi tatu. Taa: siku chache baada ya kuiondoa. Usaha: wiki moja hadi tatu kwa dawa. Upungufu wa kweli wa vitamini A: wiki nyingi, kwa sababu utando mpya lazima uote mahali pa ule mkavu. Usiongeze dozi kwa sababu wiki ya pili hujaona mabadiliko. Dalili ya kwanza njema kwa kawaida haitokei jichoni. Utasikia "tak!", utageuka, na mende uliyekuwa umemshika kwa kibano hayupo.